Mama Mpiga Picha Anunua Kompyuta

Ndugu wanakisomo, katika somo hili tutasoma habari za mama mmoja mpiga picha. Habari yenyewe ni ya mfano, na bei tutakazotaja ni za kujifunzia hesabu. Lakini mashine, namba zake na kazi zake ni za kweli. Huenda wewe si mpiga picha. Huenda unalima, unauza samaki au unashona nguo. Hata hivyo soma mpaka mwisho. Siku moja kikundi chenu kitataka kununua mashine, na muuzaji atasimama mbele yenu na maneno mengi.

PICHA ILIYOPOTEA

Mama huyu ana studio ndogo katika mji mdogo kando ya barabara kuu, karibu na uwanja wa gulio. Siku ya gulio watu hutoka vijijini kuja kupiga picha. Wengine wanataka picha za pasipoti za kubandika kwenye fomu. Wengine huleta watoto wao waliovaa nguo za kipaimara au za Idi. Maharusi huja na wapambe wao. Wazee huja wamevaa koti na kofia, hukaa kwenye kiti na kutazama mbele bila kucheka.

Kazi hii mama alifundishwa na marehemu mumewe. Kusoma alijifunza baadaye, akiwa na miaka 38, katika darasa la jioni kama hili lenu. Mwanawe wa kiume humsaidia kwenye kompyuta.

Asubuhi moja aliingia mtu mzima mmoja, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

"Mama, mama yetu amefariki jana. Tunazika kesho. Mwaka juzi alipiga picha hapa, amevaa kanga ya bluu. Tunaitaka tuiweke kwenye fremu. Hatuna nyingine."

"Poleni sana. Namkumbuka. Ngoja tuitafute."

Kijana akawasha kompyuta. Kompyuta ikalia ka, ka, ka, kama saa mbovu. Kioo kikabaki cheusi. Akaizima, akaiwasha tena. Ikalia vilevile. Mchana walimwita fundi. Fundi alisikiliza mlio ule, akasema diski imekufa. Alisema mjini mkoani wako mafundi wanaoweza kujaribu kutoa picha ndani ya diski iliyokufa, lakini gharama yao ni kubwa na hawaahidi kitu.

Yule mtu alishukuru, akaondoka mikono mitupu. Siku ya pili marehemu alizikwa bila picha. Mama alikwenda mazishini. Alisema baadaye kwamba alikaa nyuma kabisa kwa sababu aliona haya.

FEDHA ZA WATU

Baada ya siku chache mama alihesabu fedha zake. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 600,000. Akaomba mkopo katika kikundi chao cha kuweka na kukopa. Kikundi kikampa shilingi 1,000,000. Masharti ni kurudisha 1,100,000 kwa miezi 10, yaani shilingi 110,000 kila mwezi.

Mwenyekiti wa kikundi alimwuliza, "Utalipaje?"

Mama alikuwa amefanya hesabu kwenye daftari. Mteja mmoja wa picha za pasipoti, ukitoa karatasi, wino na umeme, humwachia shilingi 2,000. Basi ili apate 110,000 anahitaji wateja 55 kila mwezi kwa ajili ya deni peke yake. Chakula na kodi ya chumba bado. Wanakikundi waliguna. Lakini waliona kwamba mtu anayejua atalipaje ni afadhali kuliko yule anayeapa kwamba atalipa.

Jumla mkononi, shilingi 1,600,000. Na kila shilingi ilikuwa na mwenyewe.

KWANZA KAZI, HALAFU MASHINE

Mama hakupanda basi siku ileile. Alikwenda kwanza kwa mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari ya kata. Mwalimu hakumwambia anunue mashine gani. Alimwuliza maswali. Unapiga picha ngapi kwa wiki? Zina ukubwa gani? Unazisafisha kwa karatasi ya kiasi gani? Unafanya kazi studio tu, au unakwenda pia shuleni na arusini?

Mama alijibu. Kwa wiki ni picha kama 300. Kamera yake ni ya nukta milioni 24. Karatasi anayotumia zaidi ni ya sentimita 10 kwa 15. Mara mojamoja hutoa picha kubwa ya ukutani. Na kila muhula huenda kwenye shule za vijijini kupiga picha za wanafunzi.

Hebu tueleze hizo nukta. Picha ya kamera ya siku hizi ni nukta ndogondogo za rangi zilizopangwa kama shanga kwenye mkeka. Kamera ya mama hupanga nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa urefu. Zidisha, utapata milioni 24. Kamera ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na nukta 100 kwa 100, yaani elfu kumi tu, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Tumetoka mbali.

Picha ikiwa imehifadhiwa hukunjwa ili isichukue nafasi kubwa. Picha moja ya mama huchukua kama megabaiti 10. Ukiifungua ili uirekebishe, inakunjuka. Kila nukta inahitaji baiti 3, basi nukta milioni 24 zinahitaji megabaiti 72. Ukiongeza tabaka la pili, kwa mfano kubadili rangi ya pazia la nyuma, ni 72 nyingine. Ndiyo maana kompyuta inayoandika barua vizuri inaweza kukwama kabisa kwenye picha ya harusi.

Hapa mwalimu alichora fundi cherehani kwenye ubao. Fundi ana mikono, ana meza ya kukatia nguo, na ana kabati la vitambaa. Kompyuta nayo ni hivyohivyo. Mikono yake inaitwa prosesa. Meza yake ni kumbukumbu ya muda, ambayo kwenye mashine huandikwa kwa herufi RAM. Kabati lake ni diski. Fundi hodari mwenye meza ndogo atakuwa anakunja na kukunjua vitambaa siku nzima.

Kwa meza, yaani RAM, mwalimu alimwambia asikubali chini ya GB 8, na kwamba 16 ndiyo inayofaa kazi ya picha. Kampuni ya Adobe, inayotengeneza programu ya Photoshop, nayo inataja 8 kuwa ndiyo ya chini na inapendekeza 16.

Kwa kabati, mama alifanya hesabu mwenyewe. Picha 300 mara megabaiti 10 ni megabaiti 3,000, yaani gigabaiti 3 kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Basi ni gigabaiti 156 kwa mwaka. Diski ya GB 256, ukitoa nafasi ya programu za kompyuta yenyewe, itajaa baada ya mwaka mmoja na miezi michache. Mama akaandika: "Diski moja haitoshi."

Akaambiwa pia kwamba kuna diski za aina mbili. Ya zamani, HDD, ina sahani inayozunguka ndani, nyingi za mpakato mara 5,400 kwa dakika. Ikiangushwa au ikichoka inalia ka, ka, ka, kama ile ya mama. Ya kisasa, SSD, haina kitu kinachozunguka. Ni ya kasi zaidi na inastahimili mtikisiko wa barabara. Lakini na hiyo hufa, tena mara nyingine hufa kimya bila kulia. Mtu asikudanganye kwamba ipo diski isiyokufa.

SABA NA TANO

Mjini mama aliingia katika duka lenye taa nyingi. Kijana wa dukani alikuwa na adabu na maneno matamu.

"Shikamoo mama. Unatafuta ya matumizi gani?"

"Marahaba. Ya picha, mwanangu."

"Basi umefika. Chukua hii. Hii ni i7. Ile pale ya bei rahisi ni i5. Saba na tano, mama, ipi kubwa?"

"Saba."

"Umeona! Hii 950,000. Kwako nitapunguza."

Ilikuwa mashine nzuri kwa macho, ya rangi ya fedha, imefutwa inang'aa. Kibandiko cha i7 kilikuwa kipya kuliko mashine yenyewe. Mwanawe mama alikuwa ameshaipenda. Mama akatoa miwani na daftari.

Akamwambia mwanawe abonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi X, kisha achague neno System. Ukurasa ukafunguka. Mama aliweka kidole kwenye kioo, akatafuta neno Processor, akasoma polepole: i7-2620M.

Akatazama daftari. Mwalimu alikuwa amemwandikia hivi: Kwenye prosesa nyingi za Intel za namna hii, usiishie kwenye i5 au i7. Tazama namba baada ya kistari. Ikiwa na tarakimu nne na ya kwanza ni 2, hiyo ni ya kizazi cha 2. Ikiwa 8, ni ya kizazi cha 8. Ikiwa ni tarakimu tano na inaanza na 10, ni kizazi cha 10.

"Mwanangu," mama akasema, "hii ni ya kizazi cha pili."

Kijana wa duka alicheka kidogo. "Mama, i7 ni i7."

"Na ile ya bei rahisi nisomee."

Ile ya bei rahisi iliandikwa i5-8250U. Sasa linganisheni, ndugu. Prosesa ya i7-2620M ilitoka mwaka 2011 na ina viini 2 vya kufanyia kazi. Ile ya i5-8250U ilitoka mwaka 2017 na ina viini 4. Tano ya kizazi cha 8 inaishinda saba ya kizazi cha 2, kama vile ng'ombe wawili vijana wanavyomshinda maksai mzee mwenye pembe ndefu. Bei yake ilikuwa 620,000.

Kijana hakuwa amesema uongo. Saba ni kubwa kuliko tano. Alimwonyesha mama namba moja, akanyamaza juu ya nyingine. Wauzaji wengi hufanya hivyo, hata wa mbegu na wa dawa za mifugo.

Kulikuwa na sababu ya pili ya kutaka kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za mtumba madukani zina Windows 10. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Masahihisho hayo ndiyo yanayoziba matundu ambamo wezi na virusi hupita. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubaliki rasmi kwenye kila mashine. Kwa prosesa za Intel Core, orodha yake inaanza na kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7. Mashine ya kizazi cha 2 ingemwacha mama njiani siku ileile ya kuinunua.

Mama aliendelea kusoma. Installed RAM: 8. Akauliza kama inaweza kuongezwa, maana katika mashine nyingine RAM imeunganishwa moja kwa moja na haiongezeki kamwe. Akadai aone kwa macho. Fundi wa duka akafungua mfuniko wa chini, akaonyesha nafasi ya pili tupu. Kuongeza GB 8 ilikuwa shilingi 70,000. Kisha mwanawe akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, wakatazama upande wa diski. Iliandikwa SSD.

Walichomoa chaja, wakaiacha mashine ifanye kazi kwa betri nusu saa nzima. Kijana wa duka alianza kuchoka nao. Achoke. Fedha si zake.

KIOO KINACHODANGANYA

Hapa sasa ndipo kazi ya picha inapotofautiana na kazi nyingine zote. Karani akiona herufi, zinamtosha. Mpiga picha lazima aone rangi, na zaidi ya rangi zote, rangi ya ngozi ya mtu.

Mama alikuwa amebeba flashi yenye picha tatu alizozipiga mwenyewe, pamoja na picha hizohizo zilizokwisha kusafishwa kwenye karatasi. Ya kwanza ni bibi harusi mwenye shela jeupe. Ya pili ni mzee mweusi aliyevaa koti jeusi mbele ya pazia la kahawia. Ya tatu ni mtoto, picha ya pasipoti, pazia la bluu mpauko. Hakuchagua picha nzuri. Alichagua zile ngumu. Katika picha ya bibi harusi, kioo kibaya hufuta mikunjo ya shela, likabaki kama karatasi tupu. Katika picha ya mzee, kioo kibaya humeza koti na mashavu pamoja.

Akafungua picha ya mzee. Akakaa wima, akatazama. Kisha akainua kichwa, akakiinamisha. Uso wa mzee ukabadilika! Ukitazama kutoka juu ulipauka kama umepakwa majivu. Ukitazama kutoka chini ukawa mweusi tii, macho hayaonekani.

"Hiki kioo kina maneno mawili," mama akasema.

Vioo vya bei nafuu vya aina ya TN ndivyo vilivyo. Rangi hubadilika kwa jinsi ulivyokaa. Vioo vya aina ya IPS hutulia zaidi hata ukitazama kutoka pembeni. Anayerekebisha picha kwenye kioo cha TN hajui uso wa kweli ni upi. Atauongeza mwanga, kumbe alikuwa amekaa vibaya tu.

Mashine ilikuwa nzuri na kioo kibaya. Afanyeje? Kijana wa duka, ambaye sasa alikuwa ameanza kumheshimu, akamwambia kwamba kompyuta mpakato yaweza kuunganishwa na kioo cha mezani. Alikuwa nacho cha mtumba, cha IPS, shilingi 240,000. Walikiunganisha, wakafungua picha zote tatu. Mama akashika ile picha ya karatasi kando ya kioo. Mashavu ya mzee yalionekana. Mikunjo ya shela ilionekana. Aliposogeza kichwa, uso wa mzee haukubadilika.

Jambo moja zaidi kuhusu kioo. Dukani vioo huwekwa mwanga mkali ili vivutie. Ukirekebisha picha kwenye mwanga huo, karatasi hutoka nyeusi, na wengi huilaumu printa bure. Punguza mwanga wa kioo mpaka ufanane na picha ya karatasi iliyoshikwa kando yake. Meza isielekee dirisha wala mlango. Vipo vifaa maalumu vya kupima rangi ya kioo, na vinafaa sana, lakini mama aliona hicho kitasubiri deni liishe.

MPAKATO AU YA MEZANI?

Kwa fedha zilezile, kompyuta ya mezani mara nyingi hukupa nguvu zaidi, na kuitengeneza ni rahisi. Kwa hiyo mpiga picha asiyetoka studio angeweza kuichagua, na mimi nisingemkataza.

Lakini fikirini umeme. Ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea hapohapo, na diski inaweza kuumia, mpaka ununue betri ya akiba iitwayo UPS. Tena inakula zaidi. Ya mezani pamoja na kioo chake, tuseme inatumia wati 150. Kwa saa 8 ni wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2 za umeme kwa siku. Mpakato wa wati 40 kwa saa 8 ni uniti 0.32. Ongezeni kioo cha mezani cha wati 25, jumla ni uniti 0.52. Zidisheni tofauti hiyo kwa bei ya uniti mnayolipa, kisha kwa siku za mwezi.

Mama huenda shuleni vijijini, na wakati mwingine hufanya kazi kwa betri ya jua. Alichukua mpakato. Akanunua na stabilaiza ya shilingi 80,000 kwa ajili ya kioo na printa, maana umeme wa kwao hupanda na kushuka.

Kuhusu programu za kurekebishia picha nitasema machache tu. Photoshop hulipiwa kila mwezi au kila mwaka. GIMP ni ya bure na ni halali, na imekuwako tangu miaka ya 1990. Kwa picha za pasipoti na za familia inatosha. Programu za wizi anazokuwekea fundi kutoka kwenye flashi yake mara nyingi huja na virusi, na virusi hula picha za watu.

NAKALA

Mama alikuwa bado hajanunua kitu kilichomleta mjini.

Zamani mpiga picha alihifadhi filamu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha zake za miaka mingi iliyopita bado zinatazamwa na watu. Filamu ikilindwa na unyevu na joto hukaa umri wa mtu. Unaweza kuishika na kuielekeza kwenye mwanga. Picha ya kompyuta haishikiki. Diski ikifa, picha elfu ishirini hufa kwa pamoja, harusi na misiba.

Mama alinunua diski mbili za nje za terabaiti 1 kila moja, kwa shilingi 160,000 moja, jumla 320,000. Hizi zilikuwa za HDD, za kuzunguka, na hapo hakukosea. Hazifanyi kazi kutwa. Zinahifadhi tu, na ni nafuu. Kila moja, kwa picha za gigabaiti 156 kwa mwaka, itamchukua zaidi ya miaka 6.

Mwanawe alinung'unika. "Mama, diski mbili za nini? Kwa fedha hizo tungepata printa bora."

"Yule aliyekuja kutafuta picha ya mama yake alitaka printa?"

Kijana akanyamaza.

Utaratibu wao ni huu. Wakitoka kupiga picha, wanaziingiza kwenye kompyuta na kwenye diski ya kwanza siku ileile. Kadi ya kamera haifutwi mpaka kijana amefungua picha chache kwenye diski na kuona zinafunguka. Jumamosi wananakili kwenye diski ya pili. Hiyo ya pili hailali studio. Inalala nyumbani kwa dada yake mama, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku. Mwizi akiingia studio, au moto, au mvua ikivuja, nakala moja iko mbali.

Na mama ana daftari. Kila mteja anaandikwa jina, tarehe na namba ya picha. Kwa sababu hata ukiwa na picha elfu ishirini salama, bila kuziandika utaitafuta ya bibi mwenye kanga ya bluu mpaka mazishi yaishe.

HESABU YA MWISHO

Kompyuta 620,000. RAM 70,000. Kioo 240,000. Diski mbili 320,000. Stabilaiza 80,000. Nauli na chakula 40,000. Jumla 1,370,000.

Kabla ya kulipa, mama alidai risiti. Akaisoma. Ilikuwa imeandikwa "laptop moja". Akairudisha. Akataka iandikwe i5-8250U, RAM 16, SSD 256, pamoja na namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, na waranti ya miezi mitatu kwa maandishi. Kijana wa duka aliandika yote. Mama akalinganisha namba ya mashine na namba ya risiti, tarakimu kwa tarakimu, huku foleni ikimngoja nyuma.

Zilibaki shilingi 230,000. Kesho yake alizipeleka kwenye kikundi malipo ya miezi miwili mbele, 220,000. Mwenyekiti alishangaa.

Picha ya yule mama wa kanga ya bluu haikupatikana. Lakini mwanawe alirudi studio miezi kadhaa baadaye, pamoja na baba yake mzee na watoto wanne. Walitaka picha ya familia. Mzee alikaa katikati. Mama aliwapiga picha, akaandika majina yao yote kwenye daftari, akamwuliza mzee kama amelisoma jina lake na kama limeandikwa sawasawa.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini i5-8250U ni bora kuliko i7-2620M? Soma namba, kisha eleza kwa maneno yako.

2. Mpiga picha mwingine anapiga picha 500 kwa wiki, kila moja megabaiti 10. Je, zitachukua gigabaiti ngapi kwa wiki 52? Diski ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, itajaa baada ya miaka mingapi?

3. Mama angenunua ile mashine ya 950,000, pamoja na stabilaiza na nauli, angebaki na shilingi ngapi? Je, zingetosha kioo na diski mbili?

4. Kikundi chenu kina mashine gani? Nendeni mkasome kibandiko chake. Andikeni namba yake ubaoni. Ilinganisheni na risiti, kama risiti ipo.

5. Katika nyumba yako kuna picha ya nani ambayo haina nakala?